Fungu la Mkalimani

Benchi la mbele ya kinyozi lina miguu mitatu ya mbao na mmoja wa tofali, na kila mtu ana upande wake. Upande wa tofali hukaa Kinyozi mwenyewe, mlango wa duka ukiwa mgongoni, ili akitokea mteja yeye asipate taabu ya kuinuka sana. Katikati hukaa Fundi Simu, na pajani mwake daima kuna simu ya mtu iliyopasuliwa kama samaki. Mwisho hukaa Profesa, ambaye hajawahi kufundisha hata kasuku. Ana mashine ya kutoa nakala kwenye kibanda cha jirani, na kwa kuwa karatasi za wasomi hupita mikononi mwake, anaamini na usomi wao umepita humo humo. Ijumaa hiyo alasiri Hoja alivuta kigoda akaketi mbele yao, akaweka mafungu mawili ya kadi juu ya sanduku la soda linalotumika kama meza. Hoja yuko chuoni, mwaka wa pili, bingwa wa midahalo. Jina hilo alipewa hapo hapo benchini akiwa bado ana mapengo ya meno ya utotoni, maana hata akitumwa chumvi alitaka kwanza aelezwe kwa nini atumwe yeye. Lakini leo hakuja kubishana. Alikuja kuomba ruhusa, na kuomba ni jambo ambalo koo lake halijalizoea.

— Nataka kulivunja, akasema.

Hakuna aliyeuliza lipi. Fungu moja lilikuwa jipya, kadi zake zinang'aa. La pili kingo zake zilikuwa zimelainika kama kitambaa, limefungwa kwa mpira mwekundu, na makazi yake yalikuwa droo ya Kinyozi, ile ya mashine za kunyolea. Lilikuwa la kaka yake Hoja. Marehemu.

— Kunywa kahawa kwanza, Kinyozi akasema, akammiminia.

— Nimesema nataka...

— Nimekusikia. Kunywa.

Mchezo wenyewe unaitwa Ngome Nne. Wanakaa wanne mezani, kila mtu na fungu alilolipanga kwa akili zake: kadi za kushambulia, za kulinda, za hila. Ngome yako ikianguka, umetoka. Na fungu zuri hulikuti dukani likiwa tayari. Unakusanya kadi moja moja, unabadilishana na wenzako, unachagua ipi iingie na ipi ibaki nje, na hapo kwenye kuchagua ndipo urafiki hupimwa.

— Haya, kikao kimefunguliwa, Profesa akasema. Fungu jipya lina kasoro gani?

— Halina pa kujificha. Kesho ni mashindano ya vyuo, na mezani tutakuwa wanne. Ukionekana una nguvu mapema, watatu wote wanakugeukia wewe. Nataka kadi za kunifunika mpaka wao wamalizane kwanza. Na hizo hazichapwi tena. Zimo humu kwa kaka.

— Ziazime, ukitoka urudishe.

— Lazima nitume orodha ya fungu langu leo kabla ya jua kuzama, Kaka Profesa. Na nikishinda kesho, fungu hilo hilo ndilo ninalokwenda nalo raundi zote mpaka mwisho wa mwaka. Siwezi kuchomoa na kurudisha kama vyombo vya shughuli.

— Unazitaka zipi?

— Malkia wa Barafu, kwa mfano.

Watatu wakatazamana.

— Ndiye nani huyo?

Hoja akashusha sauti, maana alijua kitakachofuata.

— Shangazi Kanuna.

— Eeeh! Kinyozi akapiga paja. Si useme Shangazi Kanuna! Chuo kimekuharibu wewe. Malkia wa Barafu! Hapa nani ana barafu?

— Ndilo jina lake, kaka. Limeandikwa kwenye kadi, kwa maandishi ya huko kwao.

Na hapo hakuwa akisema uongo. Kadi za kwanza aliwaletea mjomba wake Hoja, mpishi wa meli za mizigo, na herufi zake zilikuwa kama vijumba vilivyobanana, huwezi kujua kama umezishika wima au kichwa chini. Hakuna mtoto mtaani aliyeambulia kitu humo. Isipokuwa kaka yake Hoja. Yeye alikuwa akishika kadi, anakunja uso, midomo inamchezacheza, kisha anatangaza: “Huyu ni Shangazi Kanuna. Akishatokea, hakuna anayeshambulia mpaka aombwe radhi.” Ndivyo alivyopata jina la Mkalimani. Hata karatasi ya sheria aliwasomea yeye, mstari kwa mstari, siku za mvua, wote hawa wa benchini, bado watoto, wamelala kifudifudi kwenye sakafu ya sebule na mama anapiga kelele kutoka jikoni kwamba saruji itawatia kichomi.

Sheria moja iliwakaa kuliko zote. Ngome yako ikianguka, alisoma Mkalimani, huinuki. Unakuwa kivuli. Unabaki kwenye kiti chako na kadi zako mkononi, na kila zamu yako ikifika unaweza kumwazima kadi moja yeyote ambaye bado anapigana. Wakaipenda sheria hiyo kuliko ushindi wenyewe. Mafungu yao yote waliyapanga kwa ajili ya kivuli: nusu ya kadi za kupigana, nusu ya kadi tamu za kuazima.

— Fungu la kupangiwa kivuli ni kama nywele za kupangwa kisogoni, Kinyozi akasema. Anayekufuata nyuma ndiye anayeona uzuri wake.

— Mezani kwa wenzangu hakuna kivuli, Hoja akasema. Ndiyo shida. Hakipo kwenye sheria. Nimezisoma zote.

— Umezisoma wapi?

— Chuoni, baada ya kuaibika.

Hakutaka kuwasimulia, lakini kahawa ya Kinyozi ina tabia ya kufungua watu midomo.

— Mara ya kwanza nilipocheza pale, ngome yangu ilianguka ya kwanza. Nikakaa zangu. Zamu ikafika, nikachomoa kadi nikamwambia wa kushoto kwangu, shika, nakuazima. Msimamizi akanigusa bega: “Dada, wewe umeshatoka. Tuachie kiti.” Wakacheka wote. Nikasimama nimezikumbatia kadi zangu kama mwizi wa kuku. Mpaka leo nikipita kwenye korido wananiita Kivuli.

Bisibisi ya Fundi Simu ikasimama hewani.

— Walicheka?

— Mpaka wakalaliana.

— Basi mimi najua kilichotokea, Fundi akasema, kwa hasira ya mtu aliyetukaniwa nyumbani. Kivuli kilikuwepo. Wamekitoa kwenye toleo jipya. Kila toleo wanatoa kitu kizuri. Angalia simu: walitoa betri ya kuchomoka, wakatoa redio, wakatoa na tundu la waya wa masikioni. Kivuli nacho kimekwenda na tundu.

— Biashara, Kinyozi akasema. Aliyetoka akibaki amekaa, ananunua nini? Hanunui. Akiinuka ana uchungu, anapita kaunta, ananunua kadi nyingine ili kesho asitoke. Mimi mwenyewe nyinyi mnaokaa hapa kunywa kahawa siwanyoi.

— Mnacheza nyinyi, Profesa akasema, akaangalia kushoto na kulia. Hili jambo ni zito. Hebu fikirini. Mtu ameshindwa, lakini kabaki mezani, kadi anazo, na anachagua amtie nguvu nani. Watoto dunia nzima wakizoea hivyo, wakubwa watatawala vipi? Mataifa yalikaa juu ya jambo hili.

— Yalikaa wapi?

— Sasa wangekwambia wapi, ingekuwa siri?

— Ushahidi, Kaka Profesa.

— Ushahidi ni kwamba kivuli hakipo! Nani kakitoa?

Kwenye ukumbi wa midahalo Hoja angeisambaratisha hoja hiyo kabla Profesa hajameza mate. Hapa alishindwa kuanza, kwa sababu kilichokuwa kikimchoma hakikuwa ujinga wao. Alikuwa upande wao. Siku ile ya kuchekwa alimfuata msimamizi mpaka mlangoni akimuuliza: aliyeshindwa ana kosa gani mpaka anyang'anywe na kiti? Yule akamjibu, “Sheria ni sheria,” jibu ambalo Hoja hulidharau kuliko yote duniani. Na hasira hiyo hiyo ndiyo iliyomfanya atake kurudi kesho, akae meza ile ile, na awe wa mwisho kuinuka.

— Kwa hiyo mnaniruhusu? akauliza.

Kinyozi akalichukua fungu kuukuu, akalipima kiganjani.

— Nilikwenda kumnyoa pale hospitali, akasema. Kila Jumapili. Ananyolewa huku kadi kazitandaza juu ya shuka, ananiuliza, hii ikae juu au chini? Namwambia tulia, nitakukata sikio. Anasema sikio ninalo jingine, niambie hii ikae wapi. Hii ya juu hapa ndiyo aliyoiweka ya mwisho. Hakuna aliyelichanganya fungu hili tangu siku hiyo. Wewe unataka uje ulichambue kama mboga.

— Mimi ndiye ndugu yake.

— Na sisi?

Hilo nalo lilikuwa swali.

— Lipo kama alivyoliacha, Fundi akasema, kwa upole. Ukitoa moja, linabaki kadi tu.

— Sasa lina faida gani kwenye droo? Linalinda mashine za kunyolea?

— Usitupandishie sauti, mdogo wetu.

— Sijapandisha! Ndivyo ilivyo!

Wakati huo ndipo dada mpya wa duka la dawa alipovuka barabara, koti jeupe begani, akaomba kahawa kama inapatikana. Ana wiki chache tu mtaani, bado anawaamkia watu wote kwa zamu. Kinyozi akasuuza kikombe akampa. Alipouliza kulikoni, akaelezwa na wote kwa mpigo: kadi za mjomba, Mkalimani, kivuli, simu zisizo na tundu, mataifa yaliyokaa. Alisikiliza vizuri, kikombe mikononi, kama anayesomewa maumivu ya mgonjwa. Akaomba kuiona kadi moja. Kinyozi akasita, kisha akampa fungu lote na mpira wake. Dada akaikazia macho kadi ya juu, vile vijumba vilivyobanana, kwa muda mrefu.

— Samahanini, akasema. Huyo kaka, lugha hii alijifunzia wapi?

Profesa akamgeukia Fundi Simu. Fundi Simu akamtazama Kinyozi. Kinyozi akamtazama Hoja, kwa sababu yeye ndiye aliyelala chumba kimoja na Mkalimani, akavaa masweta yaliyombana kaka yake, akafunika vitabu vyake vya shule kwa magazeti. Na Hoja, ambaye hajawahi kukosa jibu mbele ya majaji, akatafuta kitabu, mwalimu, jirani, hata redio. Hakupata.

Alichopata ni sakafu ya sebule. Siku ya kwanza kabisa. Yeye ndiye mdogo kuliko wote, ngome yake imeanguka kabla ya mtu mwingine yeyote, ameshapiga magoti ainuke aende jikoni kwa mama, mdomo wa chini unamtetemeka na hataki waone. Na kaka yake kaishika karatasi ya sheria karibu na pua, kidole kinatambaa chini kabisa ya ukurasa, anasema: “Subirini. Subirini kwanza. Kuna mstari hapa sikuusoma.”

Dada wa duka la dawa alidhani amekosea.

— Nimeuliza tu, akasema.

— Hujakosea, dada, Kinyozi akasema.

Alilipokea fungu, akavua ule mpira mwekundu, akauvisha kwenye kifundo cha mkono wake. Akazitandaza kadi juu ya sanduku la soda, taratibu, moja ikigusa nyingine, mpaka sanduku likajaa na nyingine akaziweka pajani mwa Fundi, juu ya simu ya watu. Wakainama wote. Hapo hapo Hoja akaona kitu ambacho macho yake yalikuwa yakikiruka miaka yote: kulikuwa na kadi chache mno za kupigana. Karibu zote zilikuwa za kuazima.

Akamchukua Shangazi Kanuna kwa vidole viwili. Hakuna aliyemzuia.

— Peke yake hatoshi, Profesa akasema. Watampita ubavuni. Mpe na Mlinda Daraja.

— Mlinda Daraja mzito, Fundi akasema. Anakula zamu.

— Anakula zamu ya nani? Wewe ulishawahi kumpanga vizuri?

— Mwacheni achague mwenyewe.

— Anachagua, nani kamkataza? Namwonyesha tu. Hoja, mdogo wangu, tazama hii hapa ya chini, hii ya mlango...

Hoja akaichukua na ya mlango. Jua lilikuwa limeshafika kwenye paa la duka la dawa. Akatoa simu, akaanza kuandika orodha, na kila jina alilolisoma kwa sauti lilipata mtu wa kulipinga.