Mama Futi wa Msitu wa Juu

Ndugu, jamaa na majirani, mimi ni mdogo wake marehemu, kitinda mimba wa mama yetu. Familia imenipa jukumu la kuwasomea maisha ya dada yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Futi.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Machi 1957, mtoto wa kwanza wa fundi seremala na mkewe, katika nyumba ya mwisho kabla ya kuingia msituni. Alisoma shule ya msingi hapa bondeni, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1978 akajiunga na chuo cha misitu.

Alipohitimu mwaka 1980 aliajiriwa kwenye kitalu cha miche, na baadaye akawa ofisa wa msitu huu mnaouona juu yetu. Alipima unene wa miti mwaka hadi mwaka, ili ijulikane imehifadhi kaboni kiasi gani, kaboni ambayo ikibaki hewani inazidisha joto duniani. Futi yake ya kupimia ilining'inia shingoni mwake hata kwenye sherehe. Siku ya harusi yangu alinizungushia kiunoni mbele ya wakwe, akasoma, akatikisa kichwa. "Wakwe zetu, msiwe na wasiwasi," alisema. "Huyu amehifadhi kaboni ya kutosha." Mama mkwe wangu ananitania nayo hadi leo.

Mwaka 1984 alifunga ndoa na shemeji yetu, mpasua mbao, mtu mpole wa maneno machache aliyemwita mkewe "bosi" hata mezani. Mungu aliwajalia binti mmoja.

Mvua zilipoanza kukatika, Msitu wa Juu ulibadilika. Majani yalibaki ya kijani, lakini ndege waliondoka, na baada yao hata wadudu wakanyamaza. Ndipo ikaanza ile sauti. Mliokuwa mkiokota kuni mnaijua. Jua likiwa kali, ndani ya mashina kulisikika ta, ta, ta, kama mtu anayevunja vijiti kimoja kimoja. Watu wakaacha kupanda kwenda huko juu. Dada alibandika sikio kwenye shina, akarudi kutueleza kwamba miti ina kiu. Maji yanayopanda ndani yake yanakatika, na yakikatika hutoa mlio. Tulimwamini. Lakini mimi aliniambia na jambo lingine, ambalo hakuwa na maelezo yake. Akitembea, mlio ulimfuata mti kwa mti. Akisimama, nao ulisimama.

"Labda ni masikio yako, dada," nilimwambia.

"Labda. Ila shemeji yako naye mlio unamfuata. Juzi nimemwona akisogea pembeni ya njia, akaupisha."

Aliomba kibali cha kupunguza miti upande wa chini, unaopakana na nyumba zetu, ili itakayobaki igawane maji vizuri, na katika nafasi itakayopatikana ipandwe miche ya aina zilizozoea joto. Mkuu wake alikataa. "Tunaitunza miti ihifadhi kaboni, wewe unataka kuikata?" Dada akamjibu, "Mkuu, ikiungua yote, hiyo kaboni itakaa wapi?" Sisi majirani nasi tulimpinga, kwa sababu yetu: tuliogopa kuiudhi miti ile. Kibali kilipotoka hatimaye, hakuna kibarua aliyejitokeza. Alipanda msituni na mumewe, wawili tu.

Tarehe 19 Februari 2009, adhuhuri, walikuwa kazini. Hapakuwa na upepo. Haya dada aliyasimulia mara moja tu, na hakurudia. Mlio ulikuwa umewazunguka tangu asubuhi, kisha ukakoma, msitu mzima kwa pamoja. Shemeji akaweka msumeno chini, akainua uso.

"Bosi," alisema, "imenyamaza."

Tawi kubwa, lenye majani mabichi, likamwangukia palepale alipokuwa.

Tulidhani dada hatakanyaga tena huko. Msiba ulipokwisha, alibeba msumeno uleule, akapanda. Tuliona haya, tukamfuata. Tulikata miti na kupanda miche, na kwenye kushuka hakuna aliyekubali kuwa wa mwisho kwenye mstari, isipokuwa yeye. Mwaka 2014 moto ulishuka kutoka kileleni. Sehemu ya juu yote iliteketea, na tuliokuwa karibu tuliisikia ikipiga kelele, sitasema zaidi. Ulipofika kwenye miti tuliyoipunguza, moto uliinama, ukatambaa kwenye majani makavu, ukafa. Hakuna nyumba iliyoungua. Hakuna mtoto aliyepotea.

Marehemu alistaafu mwaka 2017. Mwaka jana moyo wake ulianza kumsumbua, akalazwa, kisha akaomba arudishwe nyumbani. Wiki za mwisho, katikati ya mazungumzo, aligeuza uso dirishani kama mtu aliyeitwa, akajibu kwa utulivu, "Subiri kidogo, namalizia chai."

Binti yake alimuuliza anaongea na nani.

"Na baba yako. Amechoka kusimama."

Kila asubuhi aliacha chai kidogo kikombeni, na hakutaka mtu aimwage. Jumanne tarehe 14 Novemba 2023, binti yake alipoingia kufungua pazia, dirisha lilikuwa wazi tayari. Kikombe kilikuwa kitupu. Dada alikuwa ameshakwenda.

Ameacha binti mmoja, mkwe, wajukuu watatu, na sisi wadogo zake wanne. Tunamlaza hapa, katika upande wa chini wa msitu, ubavuni mwa mumewe, kama alivyoomba. Apumzike kwa amani, na aliyekuwa akimsubiri naye sasa aketi.