NDIYO ya Kahawa

Benchi la Mama Birika lina miguu mitatu na tofali moja, na asubuhi hiyo tofali ndilo lililotulia kuliko wote. Digrii, msomi wa kompyuta ambaye vyeti vyake viko chini ya godoro kama mwali anayengoja posa, alikuwa na kompyuta magotini na jasho puani. Programu yake huwatumia wateja meseji birika likichemka. Sasa kampuni inayopitisha meseji hizo imetangaza kuwa mlango wa zamani wa programu unafungwa leo saa nne. Wote wahamie mpya, na huko kila mpokeaji lazima kwanza ajibu NDIYO. Saa nne hiyohiyo mjomba wa mchumba wake anakuja kukagua kama kijana ana kazi.

— Guys, please! Birika limeshachemka, meseji imekwama. Jibuni NDIYO. Neno moja tu!

— Neno moja ndilo lililonioza, akasema Mahakama, aliyefagia kortini hadi sheria ikamwingia mapafuni pamoja na vumbi. Sijibu bila kusomewa shtaka.

— Shtaka gani, mzee wangu? Wanauliza kama unataka kuambiwa kahawa imeiva.

— Zamani hawakuuliza. Na wahenga walisema kuuliza si ujinga. Kwa hiyo hawa si wajinga. Kaa nao macho!

Satelaiti, fundi redio asiyeliamini anga, akasogeza kikombe.

— Mlango wa zamani umejaa, ndiyo maana wanaufunga. Meseji zetu zimeganda humo. Jana nimefungua redio, inanukia kahawa!

— Ilikuwa redio ya Mama Birika! Digrii akafoka.

— Usinikatize. Wakihamisha meseji, na waliozipokea wanahamishwa. Unajibu NDIYO hapa, unaamkia ndani ya seva, ile kompyuta yao kuu.

— Huko kuna joto au baridi? Mama Birika akauliza huku akimimina.

— Baridi kali.

— Basi watataka kahawa. Mimi nimeshajibu.

— Mama, haraka haraka haina baraka, ndiyo maana uchelewe mapema, akasema Mahakama. Mlango wa zamani ukabidhi ofisi kwanza. Huo mpya utajuaje kuwa kahawa yangu haitiwi sukari?

— Hautajua! Hata wa zamani haukujua! Sauti ya Digrii ikapasuka. Nimesoma hadi macho yakaingia ndani, system ikanitema. Kazi pekee niliyonayo duniani mnaizuia kwa vidole viwili! Mjomba akiikuta imezimika, mchumba wangu ataolewa na yule muuza magodoro!

Mahakama akachomoa simu mfukoni.

— Ungesema tangu mwanzo kuwa ni kesi ya ndoa, Mahakama akanong'ona, akabonyeza. Satelaiti akajifunika mfuniko wa birika kichwani, akafumba macho, naye akabonyeza.

Mjomba akatokea na mwavuli, viatu vinang'aa. Mama Birika akammiminia kikombe.

— Shikamoo, mjomba, Digrii akaamkia.

— Marahaba. Ndiyo kazi yenyewe?

— Ndiyo, mjomba. Leo tumehamia sistimu mpya. Birika likichemka, wateja wanajulishwa palepale walipo.

Mjomba akatazama kulia, akatazama kushoto.

— Na hao wateja wako wapi?

Mahakama akainua mkono taratibu. Satelaiti akainua wake, mfuniko bado kichwani. Mama Birika naye akainua. Kutoka birika hadi pua ya aliye mbali zaidi, mwavuli wa mjomba ungefika na kuzidi.

Hapo simu zote zikalia pamoja: *Kahawa imeiva. Karibu.*

Wakaruka, wakapanga mstari mbele ya birika, wakisukumana. Mama Birika akaliinamisha. Tone moja likaning'inia, likaghairi. Kikombe cha mwisho alikuwa nacho mjomba.

Hakuna aliyetoka kwenye mstari.

Mjomba akawatazama, akanywa funda, akatikisa kichwa kwa heshima.

— Foleni ipo, huduma hakuna. Kijana, hii ni kazi ya ofisini kabisa.