Bi Tayari na Mafaili Yaliyogoma Kila Asubuhi

Leo, tarehe 30 Juni, mtunza masijala wetu anastaafu baada ya kuitumikia ofisi hii ya maji kwa miaka thelathini na mitatu. Kwenye barua ya ajira ana jina lake zuri tu, lakini ukiliita koridoni hageuki mtu, hata yeye mwenyewe. Sote tunamwita Bi Tayari.

Wasomaji mtuwie radhi. Wasifu rasmi, ulioandikwa na kamati na kupambwa kwa picha, umo kwenye folda yetu ya mtandaoni, na tangu asubuhi umegoma kufunguka. Kompyuta inasema unatumiwa na mtu mwingine. Mtu gani? Nimezunguka ofisi nzima nikiuliza, na kila mtu anaapa si yeye. Sherehe ni saa nane mchana. Mwenzetu akiagwa mikono mitupu baada ya miaka yote hiyo, nitauweka wapi uso wangu? Basi naandika huu mwingine harakaharaka, kutoka kichwani.

Alianza kazi kama tarishi, akapanda kuwa karani, kisha akakabidhiwa masijala, kile chumba cha mwisho chenye dirisha linalofungwa kwa kamba. Jina la utani alilipatia humo. Kila asubuhi alifika wa kwanza, akakumbuka jana nani alikuwa anahangaika na nini, akayatoa mafaili husika rafuni na kuyapanga mezani. Ukienda kuomba mkataba wa bomba, hujamaliza hata kusema, unaambiwa uko tayari. Mchana anayarudisha yote mahali pake. Wateja wetu hawakuwahi kupata nafasi ya kuzoea mabenchi.

Malaika hakuwa. Ukimrudishia faili lenye doa la chai, utatamani ardhi ipasuke ikumeze. Meneja mmoja alisahau faili garini, akafuatwa hadi nyumbani, akalitoa akiwa na taulo mabegani huku mkewe akicheka hana mbavu. Lakini mhasibu wetu alipofiwa na mama yake, aliyelala msibani hadi mwisho ni Bi Tayari. Tunampenda, na tulikuwa tunamwogopa kidogo.

Miaka minne iliyopita mafaili yote yalihamishiwa mtandaoni. Bi Tayari alijifunza kompyuta, tena bila kununa. Ila tangu hapo ofisi iliingia mkosi ambao mpaka leo hatuuelewi: asubuhi mafaili hayafunguki, mchana yanafunguka yenyewe. Fundi wa kompyuta amebadilisha nyaya, amebadilisha nywila, amezima na kuwasha kila kinachowashwa. Alisema ni joto. Ilipokuja baridi akasema ni baridi. Mhasibu na msoma mita walinuniana, kila mmoja akiamini mwenzake anamkalia faili kwa makusudi. Mimi niliamini kompyuta yangu hainipendi. Bi Tayari peke yake hakuwahi kulalamika, tukasema huyo ana mkono wa heri.

Nilikuwa nimefika hapo alipoingia mwenyewe, amerudi kutoka nyumbani alikokwenda kuvaa. Gauni jipya la kijani, na nyuma yake mumewe, fundi cherehani, akitembea kwa maringo maana kalishona yeye. Akatukuta tumeizunguka kompyuta moja, akauliza kulikoni. Tulipomweleza alitushangaa sana. Wasifu haujapotea, alisema, ameshautoa tangu asubuhi. Akachomoa ufunguo mkobani, tukamfuata masijala.

Jamani! Kwenye kompyuta yake mafaili yalikuwa yamefunguliwa na kupangwa vizuri: mkataba wa bomba jipya, hesabu za mhasibu, orodha za msoma mita, ratiba ya sherehe na wasifu wake mwenyewe. Kila tutakachohitaji leo alikuwa amekitoa, kama alivyofanya mezani miaka yote. Na alilolifungua yeye, sisi wengine halitufungukii mpaka alifunge mchana. Fundi alitafuta kiti akakaa. Mhasibu na msoma mita walitazamana, wakaangua kicheko, nasi tukacheka hadi machozi.

Yeye hakucheka. Aliuliza kwa sauti ndogo kama ina maana muda wote huo alikuwa anatukwamisha. Tukamwapia sote kwamba hata kidogo. Ulikuwa uongo mtupu, na hakuna aliyeujutia.

Aliufunga wasifu rasmi, na kwangu ukafunguka papo hapo. Ni mzuri, una picha na vyeo vyote. Meneja aliusoma, akasoma na huu, akasema usomwe huu.

Asante, Bi Tayari, kwa kila asubuhi uliyotutangulia. Kuanzia kesho mafaili yatafunguka mara moja, na mimi nitakaa mbele ya kompyuta nikitamani hata moja ligome, nijue upo humo chumbani. Nenda kapumzike, mwenzetu. Uwe na afya, ufurahi na wajukuu, na kesho asubuhi aamke mtu mwingine akuandalie wewe.