Kilango cha Msituni: Kumuaga Mwalimu Ishbel

Mheshimiwa Diwani Rattray, Bibi Catriona Muir mwenyekiti wa kamati ya wazazi, Bwana Lorne Geddes mwenye msitu huu, ndugu wageni waalikwa, na ninyi watoto, waheshimiwa wa magogo ya mbele, mliokwisha kula nusu ya keki kabla ya hotuba: habari za alasiri.

Tumekutana kumuaga Mwalimu Ishbel Rankine, anayestaafu leo baada ya kuilea chekechea hii isiyo na kuta wala paa, ambayo mimi Greer nimemsaidia kuiendesha, matope mpaka masikioni. Nani mwingine angewaambia wazazi kwamba mvua si sababu ya kubaki ndani, nao wakaenda kununua mabuti? Nani angewapa watoto wa miaka minne vijiko vya chuma wakwangue tanipu, mizizi ya shambani migumu kama jiwe, wapate taa ya Halowini, ule usiku wa watoto kupita nyumba kwa nyumba na vinyago, wakati madukani maboga laini yamejaa tele? "Boga halina kazi," hutuambia. "Mtoto anataka kitu cha kupigana nacho."

Lakini, ndugu zangu, tanipu hizo nusura zitutoe humu msituni.

Sisi wa bonde hili tumekua tukijua kwamba wiki ya Halowini mtoto hung'oa tanipu shambani bila kuomba, na mkulima hutazama pembeni. Mwaka jana Mwalimu Ishbel akawaongoza watoto wakang'oe zao, huku wakiimba. Kumbe walimaliza mstari mzima ambao Bwana Geddes aliwawekea kondoo wake kwa ajili ya theluji. Alikuja mbio, uso umemwiva.

"Ishbel, wewe na jeshi lako mmekula chakula cha kondoo wangu!"

"Mbona utotoni wewe uling'oa za baba yangu, Lorne?"

"Nilichukua moja! Halowini ikipita, lango la msitu nalifunga kwa mnyororo. Mkacheze kwingine."

Bwana Geddes, usiangalie viatu, ulisema.

Tungekwenda wapi? Bila msitu huu hatuna shule. Nililia, wala sioni haya kusema. Mwalimu Ishbel yeye, jioni ya Halowini ilipofika, akawavalisha watoto vinyago, akawapeleka moja kwa moja mlangoni kwa Bwana Geddes.

"Mwalimu, atatufukuza," nikamwambia.

"Atatufukuza akishatusikiliza. Leo hana ruhusa nyingine."

Ni kweli. Kwetu mtoto hapewi kitu mpaka aimbe au atoe kichekesho, na mwenye nyumba lazima abahatishe ni nani aliye nyuma ya kinyago. Basi mmoja akaimba, mwingine akapiga sarakasi, akaangukia ndoo. Akabaki Innes, miaka mitatu, wimbo umempotea kabisa.

"Mimi najua kukohoa kama kondoo wako," akasema. Akakohoa.

Bwana Geddes akamtazama sana. "Huyo ni yule kondoo bibi mwenye pembe iliyovunjika."

"Eeh! Na huyu je?"

"Huyo mwanawe. Hebu rudia."

Wakaendelea hivyo mpaka supu ya Bwana Geddes ikapoa jikoni. Mtoto huyu alikuwa amewasikiliza kondoo wale kutwa nzima, siku zote, kutoka humu msituni, na mwenye kondoo alilijua hilo papo hapo. Akagawa matufaha na karanga, akafunga mlango. Kuhusu msitu hakusema neno.

Asubuhi tulikuja kuchukua vitu vyetu. Bwana Geddes ni mtu wa neno lake: lango lilikuwa limefungwa kwa mnyororo. Ila pembeni yake alikuwa amekata uzio, akaweka kilango kipya, kimo cha mtoto wa miaka mitatu.

Tangu siku hiyo kila mtu mzima huingia humu ameinama. Hata wewe, Mheshimiwa Diwani, tulikuona. Mwalimu Ishbel, leo utatoka kwa kilango hicho ukiwa mwalimu wetu kwa mara ya mwisho, nasi tutakuwa tunakusubiri upande wa pili, kwenye uwanja mtupu, pasipo na cha kutugonga vichwa. Utatukuta tumeinama.

Nawashukuruni nyote kwa masikio yenu.