Mashine Ilichapa, Karatasi Haikutoka

Wakubwa zangu, shikamooni. Wenzangu, hamjambo. Leo ni zamu yangu ya kusimulia, na mnanijua nikianza sinyamazi, kwa hiyo mwenye chai yake na anywe.

Biashara huria ilipoanza, kiwanda chetu kikauzwa na sisi makarani tukapunguzwa. Kwetu ni Songea, hapa Morogoro sina hata shangazi. Kiinua mgongo changu chote nikanunulia kompyuta, nifungue ofisi ya kuchapa barua. Zile za kampuni ambayo mashine zake tulizitumia kiwandani, bei yake haikushikika, nikachukua iliyoungwa na fundi wa Dar, aliyeniapia kwamba inaendana nazo kabisa, programu zao zitafanya kazi humo. Programu nikainunua halali, ileile ya kampuni, maana nyingine sikuijua.

Ndugu zangu, nilipoiwasha ikaandika kwenye kioo kwamba mashine hii haina ruhusa ya kutumia programu hiyo. Fundi hakuonekana tena. Nami nikaamini nimevunja sheria, kwamba nikijipeleka kwa wenye programu nitalala ndani.

Sasa ningemwambia nani? Mlikuwa mmeshanipongeza, mnaniita bosi. Kila asubuhi nilifungua ofisi, nikavuta pazia, nikakaa nabonyeza vitufe ili wapitao wasikie kazi. Mteja akija namwambia nimezidiwa, arudi wiki ijayo. Chekeni tu! Lakini jioni nilirudi chumbani sijazungumza na mtu, nikawasha redio nisikie japo sauti ya binadamu. Upweke ulinila mpaka nguo zikanipwaya.

Nje ya mlango wangu aliuza karoti mama mmoja wa mlimani. Simtaji, yumo humu na hapendi sifa. Siku moja aliingia bila hodi.

"Mwanangu, kila siku nasikia unachapa. Mbona sioni mtu akitoka na karatasi?"

Nililia, nikamweleza yote. Habari za programu hakuzielewa hata kidogo. Akaniuliza, "Wenyewe umewauliza?"

"Naogopa, mama."

"Basi twende wawili."

Akamwachia jirani karoti zake, tukaenda Dar. Ofisini kwa wenye programu, yeye ndiye aliyeanza kusema, "Huyu mwanangu ana shida." Ofisa akasikiliza mpaka mwisho. Kumbe walikuwa wameshaanza kuuza kibali cha kutumia programu yao kwenye mashine za watu wengine, mradi ziwe zinaendana na zao. Nikaongeza fedha kidogo, wakanipa kibali na disketi nyingine.

"Dada, mbona hukuja mapema?" akaniuliza.

Mama yangu, Mungu akuweke. Nanyi mlioleta barua za kuchapwa wiki ile mashine ilipoanza kazi kweli, hata zisizo na haraka, msidhani sikuelewa kwamba mlikuja kuniinua. Asanteni sana.

Nawaambia hivi: mwenzako akijifungia, akasema ana kazi nyingi, usiridhike na kelele za mashine. Funua pazia, uingie.