Gari la Aslaug Linamisi

Benchi la wazee limeegemea ukuta wa duka la ushirika la Hjelmvika, mahali pekee kijijini ambapo mvua haikufikii hata ikija na upepo. Mbele yake kuna gati la feri, na kulia kwake nguzo za kuchajia magari. Kila asubuhi wazee wanne hukaa hapo, kila mmoja na themosi yake ya bluu, zawadi ya chama cha mashua siku ya maadhimisho yake. Themosi hizo zilikuwa balaa. Tangu zitoke kwenye maboksi zilivuja shingoni, zikawalowesha wazee suruali mahali ambapo mtu mzima hapendi kuonekana amelowa. Halafu wiki hii zikaacha kuvuja, zote nne kwa pamoja. Hakuna aliyeuliza kulikoni. Hjelmvika kitu kikiacha kusumbua, watu hunyamaza kisije kikasikia kinatajwa.

Alhamisi hiyo walimsikia Torleiv kabla hawajamwona. Gari lake jekundu ndilo la mwisho la petroli kijijini, kwa hiyo likikohoa hakuna haja ya kuuliza ni la nani. Lilikuja likishtuka-shtuka kutoka kanisani, likatetemeka mbele ya duka, likazimika lenyewe kando ya nguzo za chaji. Torleiv akashuka ameshika kitambaa kilicholowa oili, akakaa pembeni ya benchi, akajimiminia kahawa.

— Linamisi, alisema Kapteni. Silinda haziwaki zote.

— Nimesikia. Mimi ndiye niliyekuwa ndani.

Kapteni jina lake ni Sverre. Maisha yake yote alikata tiketi kwenye feri, na hakuruhusiwa hata siku moja kugusa usukani.

— Umechomoa plagi?

— Nimechomoa. Mashimo yote manne yamejaa oili. Plagi zinaogelea humo. Nimefuta jana, nimefuta leo asubuhi, nimeenda kanisani na kurudi, yamejaa tena.

— Oili ya kwenye mashimo ya plagi, alisema Kapteni taratibu, akiangalia maji. Hiyo si mchezo.

— Ndiyo nakuambia.

— Lakini Jumamosi si tulilitengeneza?

Hapo wote waliinua themosi zao, kwa heshima ya Jumamosi. Siku hiyo walikusanyika ghalani kwa Torleiv, kazi ya kujitolea, kama inavyofanyika hapa mtu akikwama: hakuna fundi mkuu, hakuna malipo, kila mtu anashika anachokiona mbele yake. Walifungua kava ya juu ya injini, wakabandua gasketi ya zamani, wakakwangua mipira iliyokauka ikavunjika kama biskuti, wakafunga gasketi mpya, wakala mkate wa maziwa. Ilikuwa siku nzuri. Kapteni alisema mwenyewe kwamba viwandani hawafanyi kazi safi namna ile.

— Tulilitengeneza, alisema Torleiv. Kabla ya Jumamosi lilikuwa linatoa jasho pembeni tu, kwa nje. Sasa pembeni ni pakavu kabisa. Oili inaingia ndani.

— Basi kazi ilikuwa nzuri, alisema Kapteni. Tumeziba njia moja, nayo imetafuta nyingine.

— Sikulitengeneza ili itafute nyingine.

— Sisemi hivyo. Nasema tu, nje ni pakavu.

Aliyekaa katikati, Ingvald, alikuwa anasubiri zamu yake. Huyo wanamwita Betri, maana ndiye wa kwanza kijijini kununua gari la umeme, na tangu hapo anazungumzia injini za wenzake kwa huruma ya mtu aliyeacha sigara.

— Chukua langu kesho, alisema.

— Hapana.

— Lina viti vya moto.

— Mke wangu hataki viti vya moto. Anataka gari lake.

Hilo ndilo lilikuwa tatizo la Torleiv. Kesho ilikuwa siku ya kumchukua Aslaug. Mke wake alianguka kwenye barafu wakati wa baridi, akavunjika nyonga, na tangu siku hiyo yuko mjini, ng'ambo ya maji na nyuma ya mlima, anafundishwa kutembea upya. Gari ni lake. Alilinunua yeye, alilichagulia rangi yeye. Na kwenye simu alisema neno moja tu: niliondoka nimelazwa kwenye gari la wagonjwa, nitarudi nimekaa kwenye langu. Torleiv alimjibu kwamba gari liko sawa, na kila kitu nyumbani kiko sawa. Ukweli ni kwamba maua yote ya dirishani yalishakufa, na paka amehamia kwa jirani bila kuaga. Gari ndilo pekee lililobaki, na sasa gari lenyewe lisingeweza kupanda mlima. Alikuwa anaona aibu, na nyuma ya aibu kulikuwa na woga: kwamba Aslaug akifika atatazama huku na huku na kuona kwamba mume wake peke yake hawezi kutunza chochote.

— Tusikimbilie kukata tamaa, alisema Kapteni. Hebu tufikiri kwa mpangilio. Nini kimebadilika hapa kijijini?

— Hakuna kitu, alisema Torleiv.

— Feri.

— Feri imefanyaje?

— Ya zamani ilikuwa ya dizeli. Ilitikisa mpaka meno. Gari likivuka, oili inatikiswa, inashuka, inakaa mahali pake. Hii mpya ya umeme imetulia kama kitanda. Oili haijui tena chini ni wapi. Inatambaa.

Betri alimtazama.

— Inatambaa kwenda juu?

— Inatambaa inakotaka. Hakuna wa kuitikisa.

— Bwana wee, acha hizo. Gari halijapanda feri wiki nzima.

— Ndiyo maana! alisema Kapteni. Lingepanda hata hii, pengine lingepata nafuu kidogo.

Upande wa mwisho wa benchi Jostein alitikisa kichwa kukubali, au labda alikuwa anafuta mvua shingoni. Jostein wanamwita Kimya. Yeye husema kwa mikono: kitu kikilegea anakikaza, kikikatika anakiunga, na hatangazi. Alinyoosha themosi yake kumwelekea Torleiv.

— Niongeze?

— Ongeza.

Kahawa ilitoka bila tone kwenda pembeni. Torleiv akanywa, akakunja uso.

— Hii kahawa siku hizi ina ladha gani?

— Duka wamebadilisha aina, alisema Betri.

— Ina ladha ya gereji.

— Ni mikono yako. Sasa nisikilizeni. Kapteni anahangaika na maji wakati jibu liko hapa pembeni. Betri aligonga nguzo ya chaji kwa kiganja. Hizi ziliwekwa lini? Mwaka huu. Humu unapita umeme wa kutisha. Umeme una uvutano. Oili ya injini iliyozeeka ina vumbi la chuma. Torleiv anaegesha hapa kila siku. Chuma kinavutwa juu, oili nayo inafuata.

— Mbona isivutwe pembeni? aliuliza Kapteni. Nguzo ziko pembeni.

— Inavutwa kwanza juu, halafu pembeni. Haijafika tu.

— Unatuchanganya makusudi.

— Mimi nawaambia sayansi. Nyinyi mnaishi kwenye feri.

— Na hiyo sayansi ilikuwa wapi Ijumaa iliyopita? Alikuwa anaegesha hapa hapa, mashimo makavu.

Betri alifikiri. Alipoinua kichwa, uso wake ulikuwa na upole ambao Torleiv hakuupenda.

— Basi kuna jambo jingine, ila sikutaka kulisema. Gari linajua. Limekaa na Aslaug miaka yote hiyo. Anaimba akiendesha. Sasa miezi yote hii haimbi mtu. Oili imejaa hapo juu, machoni kama...

— Usiendelee, alisema Torleiv.

— Nasema tu linalia.

— Ingvald!

Walipoitana majina ya ubatizo mambo yalikuwa yameharibika. Torleiv alisimama, akaenda mpaka kwenye gari, akaweka kiganja juu ya boneti, akarudi akakaa.

— Halilii, alisema. Ni chuma. Kuna kitu hatukukifanya, na sijui ni kipi. Nilinunua seti nzima, kila kitu kipya. Nimewauliza gereji ya mjini, wana nafasi baada ya wiki mbili. Kesho anasimama mlangoni na magongo yake, na mimi nitamfuata na gari la mtu. Mnanielewa? Alinipa gari alitunze... nilitunze. Hata kusema siwezi tena.

Watu wa hapa mtu akimwaga moyo wake mbele yao hutazama viatu. Kapteni alisafisha koo, akasema kwamba viti vya moto kwa mtu wa nyonga si kitu kibaya. Betri akasema kwamba labda ukiendesha kinyumenyume kupanda mlima, oili itashuka. Kapteni akauliza kinyumenyume mlima mzima? Betri akasema madereva wa zamani walifanya hivyo. Wakawa wanabishania madereva wa zamani.

Katika mabishano hayo akatokea mchungaji mpya, Ragnfrid, aliyehamia kijijini siku chache tu zilizopita. Alikuwa anatembea kwa uangalifu, sketi yake ina doa jeusi la maji kutoka kiunoni hadi gotini, na mkononi ameshika themosi ya bluu.

— Habari za asubuhi, wazee.

— Njema, mchungaji.

— Chama cha mashua wamenikaribisha na hii, alisema. Ni nzuri, lakini inavuja. Nimeendesha ibada ya wazee nikiwa hivi. Nimetazama zenu kila nikipita, ni hizi hizi kabisa, na hazivuji. Mpira wa shingoni mliununua wapi?

Kapteni, ambaye hajawahi kukosa jibu, aliitazama themosi ya mchungaji. Akamtazama Betri. Betri akatazama themosi yake, akaizungusha, akafungua kizibo. Shingoni mlikuwa na duara jeusi la mpira, nene, jipya, lililokaa vizuri mno kuwa la themosi. Torleiv akafungua yake. Lilikuwepo. Kapteni akafungua ya kwake.

Mvua ilikuwa inapiga kwenye bati. Wote watatu waligeuka upande wa mwisho wa benchi.

Kimya alikuwa ameinamisha kichwa. Alipozungumza, alizungumza kwa kirefu kuliko walivyowahi kumsikia.

— Mipira ilikuwa kwenye kifuko, juu ya meza ya mkate. Ghalani, Jumamosi. Niliona iko minne. Sisi tuko wanne. Nikajua kuna mtu hatimaye amewaza jambo la themosi.

— Hukuuliza? alisema Betri.

— Ilienea.

— Na pale kwenye kava, alisema Torleiv polepole, tulipokwangua ile mikavu kuzunguka mashimo ya plagi, mipya aliweka nani?

— Mimi nilijua ni Kapteni, alisema Betri.

— Mimi nilijua ni wewe, alisema Kapteni.

Torleiv alikuwa anahesabu makosa, na alipofika kwake mwenyewe akasimama. Alinunua seti. Alikiweka kifuko mezani kwa mkono wake. Kisha akanywa kahawa wiki nzima kupitia kwenye injini ya mkewe.

Kimya ndiye aliyeanza. Alisimama, akamwaga kahawa yake yote kwenye nyasi, kahawa ya asubuhi nzima, akachomoa mpira kwa kucha, akaupangusa kwa leso na kuuweka juu ya benchi. Kapteni alikunywa kilichobaki kwa mkupuo mmoja, akaungua ulimi. Betri akamwaga. Torleiv akamwaga.

— Kwa hiyo hakuna duka? aliuliza mchungaji.

— Hakuna, mchungaji, alisema Kapteni. Hayo ni mambo marefu.

Walilisukuma gari mpaka ghalani. Safari hii Torleiv alisimamia mwenyewe kila hatua. Walifyonza oili kwanza kwenye mashimo kwa vitambaa, isije ikaanguka kwenye silinda plagi zikitoka, kisha wakafungua kava, na Kimya akapachika mipira mmoja mmoja, akiigongea kwa kikombe cha themosi, ambacho kilienea sawasawa. Hakuna aliyemsaidia bila kuambiwa. Injini ilipowaka ikanguruma bila kukohoa, na Torleiv ilibidi atoke nje kidogo, akasimama kwenye mvua.

Ijumaa jioni feri iliteremsha gari jekundu kwenye gati. Aslaug alikuwa mbele, magongo katikati ya magoti. Mlimani kote alikuwa akisikiliza injini, na walipofika kileleni akaimba kidogo. Sasa alinusa.

— Linanukia kahawa.

— Ndiyo, alisema Torleiv.

Walipita mbele ya duka polepole. Kwenye benchi walikaa Kapteni, Betri na Kimya, na mchungaji pembeni yao, kila mmoja na themosi ya bluu. Wote wanne waliinua mkono. Aslaug aliteremsha kioo, akawatazama vizuri, akapandisha kioo.

— Mbona wote wamelowa mapajani?

Torleiv alishika usukani kwa mikono miwili.

— Maua yamekufa, alisema. Na paka amehama.

— Najua, jirani alinipigia siku ile ile paka alipofika kwake.

— Hukusema.

— Ulikuwa umeniambia gari liko sawa, alisema Aslaug, akaegemea kiti chake. Nikasema moyoni: basi, hilo moja litamtosha.