Mchoro Uliowanyima Watu Jua

Mheshimiwa Mwenyekiti wa jumuiya yetu, Mzee Absalom. Mhandisi Abdulmohsen, bosi wetu, uliyetoka Riyadh hadi hapa Sharafiya, Jeddah, kwa ajili yetu. Wafanyakazi wenzangu wa idara ya mipango miji. Akina mama mlioamka mapema kupika pilau hii. Ndugu wageni waalikwa, hamjambo?

Mmekuja kunipongeza mimi, Nahashon, kwa sababu kesho bosi anatia saini barua ya kunifanya mkuu wa idara. Nimefurahi, jamani, na mama yangu huko Kitui amefurahi kunishinda. Ila kuna jambo nitalisema kabla hatujala, na huenda likanikosesha hicho cheo. Allan, wewe unayemtafsiria bosi, tafadhali usiruke hata neno moja.

Mnaijua kazi iliyotupa jina. Kaskazini kabisa mwa dunia kuna kijiji cha familia arobaini, kando ya mto unaoganda miezi saba kwa mwaka. Kila barafu inapovunjika, mto unamega ukingo na nyumba inakwenda na maji. Serikali yao ikawaambia: leteni ramani ya kijiji kipya ambayo nyote mmeikubali, la sivyo mtatawanywa kwenye miji ya mbali. Hebu niambieni, watu waliooana na kuzikana vizazi na vizazi, ukiwatawanya wanabaki nani? Kazi ya kuchora ikaja kwetu, ikaangukia meza yangu na meza ya Selipher. Mimi ndimi niliyekuwa mkubwa wake. Selipher ni yule pale nyuma, anayejifanya kupanga sahani.

Basi nikachora. Miaka tisa ya Riyadh imenifundisha kwamba jua ni adui. Nikabananisha nyumba zipeane kivuli, nikapitisha vichochoro vyembamba kama vya mji mkongwe wa hapa Jeddah, madirisha nikayafanya madogo na kuyageuza kaskazini. Selipher akaniuliza, “Kaka Nahashon, kwani huko si kuna wiki ambazo jua halichomozi kabisa?” Nikamwambia yalla, tupeleke, muda umekwisha.

Tukawaonyesha ramani kwa video, bosi akiwa ameketi nasi. Bibi mmoja wa kule akaitazama weee, kisha akauliza kwa upole: “Tumewakosea nini, hata mtunyime jua?”

Selipher ndiye aliyejibu: “Ni kosa langu, bibi. Nipe wiki mbili nichore upya.” Nami nikanyamaza. Nikanyamaza siku ile, na kesho yake, na miezi kumi na minne iliyofuata.

Mnajua alichofanya? Alikuja hapa Jeddah, akaenda mtaa wa Ruwais kwa wauza samaki, akaomba bonge la barafu, akaweka juu yake sufuria ya chai ya moto. Sufuria ikazama, ikalala upande, chai ikamwagika. Akachukua bonge jingine, akaiinua sufuria kwa vijiti vinne ili hewa ipite chini. Hiyo ikasimama wima mpaka chai ikapoa. Wauza samaki walidhani kazi za Riyadh zimemrusha akili. Kumbe anajionea kwa macho yake kwa nini nyumba za kule lazima zisimame juu ya nguzo, maana joto la nyumba huyeyusha ardhi iliyoganda.

Kisha kila Alhamisi akampigia bibi simu: upepo unatoka wapi, theluji inajaa wapi, watoto wanapita wapi kwenda shule? Njia zikapanuka, madirisha yakageukia kusini. Ramani ilipopigiwa kura, familia zote arobaini ziliinua mikono. Wiki iliyopita familia ya kwanza ilihamia, na bibi ametutumia video anacheza jikoni, jua limejaa sakafuni. Nimeitazama mara kumi na nimelia mara kumi.

Sasa, bosi. Ulipotafuta mkuu wa idara, ulilikata jina la Selipher kwa ajili ya kosa lile. Uliniambia wewe mwenyewe, nami nikakuitikia kwa kichwa. Bosi, vichochoro vile nilivichora mimi. Aliyeonya ni yeye, na aliyebeba lawama ni yeye.

Allan, hilo nalo usiliruke. Mwambie.

Ikama yangu, kibali changu cha kuishi nchi hii, iko mikononi mwako, bosi, na ukiamua halas, yamekwisha, nitafunga mizigo bila kinyongo. Ila naomba barua ya kesho iandikwe jina la Selipher Adoyo. Nikibaki, nitafanya kazi chini yake, na nitaifanya kwa furaha.

Selipher, dada yangu, nisamehe. Sikukukosea kwa kutojua, nilikipenda kiti.

Naona bosi anaomba kipaza sauti. Nampa sasa hivi, maana nimemaliza. Ndugu zangu, mmenipa masikio yenu na nawashukuru sana. Makofi mliyokuja nayo, mpigieni mwenyewe, Selipher.